Mota kwenye Phoenix au baiskeli ya umeme nzima? Hesabu ya muuza samaki wa Pongwe

Shemeji yangu anauza samaki. Alfajiri anatoka Pongwe anashuka mpaka soko la samaki la Deep Sea, akishapata mzigo anaufunga kwenye keria halafu anapiga pedeli kurudi, na ukijumlisha kuzunguka mitaani kuuza hakosi kilomita 30 kwa siku. Magoti yameanza kumsumbua. Baiskeli yake ni Phoenix inchi 28, ile ya breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, kaachiwa na marehemu baba yake na anaipenda kweli. Juzi kaniuliza, shemeji, nidunduize ninunue baiskeli ya umeme nzima au nitafute seti ya mota niifunge kwenye hii hii?

Swali hili nalisikia sana siku hizi hapa Tanga na naona wengi wanalijibu kwa bei na spidi tu, ipi rahisi, ipi inakimbia. Mimi naona mambo ya kuangalia kwanza ni breki na betri, spidi ije nyuma kabisa.

Tuanze na seti, maana ina sababu nzito ya kuitetea na siyo urahisi peke yake. Seti ya kawaida ni mota iliyo ndani ya habu, pale katikati ya ringi, kontrola inayogawa umeme kwenda kwenye mota, betri, chaja, kile kidude cha kuhisi pedeli zikizunguka na labda eksileta ya mkononi kama ya pikipiki. Kila kitu kimejitenga. Kontrola ikiungua unatafuta nyingine ya volti zile zile, hata ya kampuni nyingine, fundi wa redio anaunganisha waya maisha yanaendelea. Betri ikichoka miaka mitatu baadaye unaweka ya kampuni nyingine kabisa na mota haijali. Kwa sisi ambao hatuna wakala wa kampuni mjini hilo ni jambo kubwa sana.

Sasa linganisha na baiskeli nzima za mtumba toka Ulaya zenye mfumo wa Bosch. Ni baiskeli nzuri, sibishi, mota yake ipo katikati pale kwenye pedeli na inasukuma kulingana na nguvu unayokanyaga, ukiipanda unahisi miguu yako imerudi ujana. Lakini betri yake inaongea na mota kwa lugha yao wenyewe, ukiweka betri ya kuunga haiwaki. Betri ikifa ujue unaitafuta ile ile. Na za Japani, nchi ambayo Yamaha walitoa baiskeli ya namna hii tangu 1993, zina mtego mwingine ambao naomba kila mtu aushike: chaja zake nyingi ni za volti 100. Ukutani kwetu ni 230. Mtu ananunua baiskeli nzuri kabisa, anafika nyumbani, anachomeka chaja, linasikika paa moja na harufu ya kuungua, basi, na chaja ya kuziba nafasi yake hapa mjini haipo. Geuza chaja usome maandishi ya nyuma kabla hujatoa hela.

Kwa hiyo mpaka hapo seti inaongoza. Ila shemeji ana Phoenix, na Phoenix ndipo hesabu inapobadilika.

Nasema hivi kwa sababu nilishashiriki kumfungia jirani mota kwenye baiskeli kama hiyo. Ringi ilikuja imeandikwa 28, tukafurahi, baiskeli si 28? Fundi pale Ngamiani akavua tairi la zamani akaliweka kwenye ringi mpya, likaingia kirahisi mno, bila hata kutumia vyuma vya kutolea tairi, na hapo ndipo alipokunja uso. Akapiga upepo kidogo kidogo, tairi likapanda upande mmoja likatoka nje ya ringi, tyubu ikachomoza kama puto na kupasuka usoni kwetu. Ndipo nilipojifunza kwamba 28 hazifanani. Ringi ya seti nyingi za 28 kipenyo chake pale tairi linapokaa ni milimita 622, ya Phoenix na ndugu zake wa inchi 28 kwa moja na nusu ni milimita 635. Milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwa jingine.

Ukisema basi utanunua mota tupu usuke spoksi kwenye ringi yako ya zamani, unakutana na jingine: baiskeli nyingi za aina hii zina matundu ya spoksi 32 mbele na 40 nyuma, mota nyingi zina 36. Na ukisema utaweka ringi mpya na tairi lake jipya la 622, breki za vyuma hazikubali, maana zile zinabana ringi kwa ndani na zinahitaji ringi ya umbo lake. Unaanza kubadilisha breki, kisha vishikio vya breki, kisha ukishika hesabu unakuta umeshanunua nusu baiskeli.

Hizo breki ndizo zinazoninyima usingizi zaidi. Breki za vyuma siku ya mvua kila mwendesha baiskeli anazijua, unabana na baiskeli inaendelea na safari yake. Seti za mota zinakuja na vishikio vya breki vyenye swichi, ukigusa breki tu umeme unakatika, lakini vishikio hivyo ni vya breki za waya, kwenye breki za vyuma havifungiki. Maana yake unaweza kubana breki huku mota bado inasukuma kwa sekunde moja hivi. Weka mtu wa kilo 75, mzigo wa samaki na barafu kilo 40, betri na mota kilo nane, baiskeli yenyewe kilo 20, na mtoto kakatiza barabara. Sekunde moja ni nyingi mno.

Kuna kingine kidogo ambacho mafundi wengi wanakiruka, ekseli ya mota. Ile haizunguki, ringi ndiyo inazunguka, kwa hiyo nguvu yote inataka kuigeuza ekseli ndani ya foku. Lazima kifungwe kile chuma cha kuishikilia kwenye fremu. Kisipofungwa nati zitalegea siku moja, ekseli itageuka ichane waya zote, na kama mota iko mbele ringi inaweza kuchomoka ukiwa mwendoni. Foku za mbele za baiskeli hizi za zamani mdomo wake nao ni mwembamba kuliko ekseli ya mota hivyo mafundi wanapiga tupa, wanapunguza chuma pale pale kinapotakiwa kuwa na nguvu. Mimi hapo sikubaliani kabisa.

Kwa upande wa baiskeli nzima mpya, uzuri wake ni kwamba mtu amekaa chini akapanga vitu viendane, breki za diski zenye swichi, waya zimepita ndani, fremu imekadiriwa ule uzito. Hujui spoksi, hujui volti, unapanda unaenda. Kwa mtu asiye na fundi anayeelewa hilo lina thamani yake na simlaumu anayelipia zaidi. Shida ni kwamba zile za bei ya chini mara nyingi zina betri za risasi, vile vibetri vya volti 12 vinne vimefungwa pamoja. Kimoja ni kama kilo 4, kwa hiyo kilo 16 ni betri tupu, na betri ya risasi ukiimaliza mpaka chini kila siku inakufa mapema, salama yake ni kutumia kama nusu tu. Umebeba kilo 16 za umeme unaotumia nusu yake. Muuza anakuambia inaenda kilomita 50, hakuambii ni kwa mtu mwembamba, barabara tambarare, hana mzigo.

Hesabu ya betri haina siri. Zidisha volti kwa Ah, yaani ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, unapata wati-saa. Baiskeli yenye mzigo inakula kama wati-saa 12 mpaka 15 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita 30 za shemeji ni kati ya 360 na 450. Betri ya volti 36 Ah 10 ni wati-saa 360, itamwacha njiani. Volti 48 Ah 13 ni 624, akitumia asilimia 80 tu kulinda uhai wake bado ana karibu 500. Hiyo ndiyo saizi yake. Na kuichaji, ukiweka na umeme unaopotea kwenye chaja, ni kama nusu yuniti na kidogo, kwa LUKU ya shilingi 356 haifiki 200. Nauli ya daladala ilipopanda mwisho wa 2023 safari fupi kabisa ilitoka 500 kwenda 600, na hapo hujaweka ndoo ya samaki.

Namba za mota nazo zisitishe watu. Ile wati 250 inayoandikwa sana inatokana na sheria ya Ulaya, wao wameweka kikomo cha wati 250 na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Kwa mzigo wa shemeji wati 350 mpaka 500 inafaa, lakini aulize mizunguko. Mota ya mizunguko 200 kwa dakika kwenye ringi ya 26 inampa kama kilomita 25 kwa saa na ina nguvu ya kuvuta. Ya 328 itampa 40 bila mzigo ila kwenye kilima itapata joto na kuchoka. Muuza samaki haihitaji 40.

Kuhusu betri ya kuungwa mtaani kwa seli zilizotolewa kwenye laptopu, mimi nasema hapana. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta, na mwaka huo huo jiji likaweka sheria ya kuzuia kuuza betri zisizo na cheti. Sisi tunachajia ndani, chumba kimoja, watoto wamelala. Na wale wanaosema ndugu yao wa Oman atawabebea betri kwenye begi wajue betri ya zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, ije kwa meli au inunuliwe hapa.

Kwa hiyo nilimjibu shemeji njia ya tatu, ambayo naiamini kuliko zote mbili alizouliza. Phoenix ya mzee iache kama ilivyo. Tafuta mtumba wa inchi 26 wenye fremu ya chuma, foku isiyo na springi na breki za diski au zile za waya zinazobana ringi pembeni, halafu nunua seti ya 26, mota ya nyuma. Nyuma kwa sababu njia za Pongwe zina mchanga na mota ya mbele inateleza kwenye mchanga, ingawa spoksi za nyuma zitabeba mzigo zaidi hivyo ziwe nene. Na chini ya tenga aweke nailoni nzito, maana maji ya samaki ni ya chumvi na yanadondokea pale pale waya zinapoingia kwenye mota.

Alikaa kimya kidogo, nadhani alitamani nimwambie Phoenix inafaa. Jumamosi tumeenda naye kuangalia mitumba, nikabeba futi ya kupimia, tukapata moja ya bluu fremu nzima kabisa, breki za nyuma zinahitaji waya mpya. Kailipia. Mota na betri atasubiri mpaka hela ya mchezo wake wa upatu wa mwezi wa tisa, na kwa sasa anaipanda hivyo hivyo kwa miguu, anasema tayari ni nyepesi kuliko ile ya baba.