Bonyeza Kitufe Chochote

Mama ana skana ya zamani, nzito kama tofali, na draiva yake ya mwisho, yaani programu inayoifanya kompyuta ielewane nayo, ilitengenezwa enzi za Windows XP. Ukiichomeka kwenye laptopu ya siku hizi inanguruma kidogo, kisha inanyamaza kama aliyesusa. Na ana maboksi mawili ya picha anazotaka ziingie kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Mwenye akili zake angetafuta skana nyingine. Mimi nikasema, "Mama, hilo niachie. Naunga kompyuta kwa mikono yangu, naipiga XP, Jumamosi jioni unaskani."

Kuunga hakukunitoa jasho. Mazabodi, prosesa, RAM ya gigabaiti 8, hadi diski, vyote vikakaa kwenye keisi, mpwa wangu wa miaka 12 akinishikia tochi. Nilipotoa ile CD akasoma mwaka: 2001.

"Mjomba, hii imenizidi umri?"

"Imekuzidi mbali. Ungekuwa na adabu ungeiamkia."

CD ikazunguka, maandishi yakapita chini ya skrini, mimi nikajinyoosha kitini. Ghafla skrini nzima ikawa buluu, na katikati ya maandishi meupe kuna namba: 0x0000007B.

Nikafanya kila ambacho fundi asiyejua tatizo hufanya. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya wa SATA, ule wa diski. Nikachomoa RAM, nikaipuliza, nikairudisha. RAM haikuwa na vumbi hata chembe, imetoka kwenye pakiti asubuhi ile ile, lakini kupuliza kunampa mtu heshima mbele ya mtoto. Nikabadilisha hadi diski. 7B. Nikairudisha ya kwanza. 7B.

Saa mbili baadaye ndipo nilipoingia kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, na kukuta diski imewekwa kwenye AHCI, namna mpya ya kompyuta kuongea na diski. XP ilitoka kabla ya AHCI, na kwenye CD yake hakuna draiva ya kuisomea. Yaani kuanza inaanza vizuri, kwa sababu BIOS ndiyo inayoishika mkono. Ikifika mahali pa kutembea yenyewe, inatafuta diski haioni kitu, inaanguka. Ipo njia ya kuilisha draiva: unabonyeza F6 mwanzoni kabisa. Ila inaitaka draiva hiyo kwenye disketi. Flashi haitaki kuisikia. Na mazabodi yangu haina hata mahali pa kuchomeka waya wa disketi. Njia ya pili ni kubadilisha AHCI iwe IDE, namna ya zamani ambayo XP inaijua.

Nikabadilisha. Neno moja! Na mimi nimepuliza RAM mpaka kizunguzungu.

Sasa mambo yakanyooka. Nikakubali masharti kwa F8, nikafomati, mstari wa njano ukajaa, faili zikakopiwa, kompyuta ikajizima na kujiwasha. Juu ya skrini nyeusi ikaandika: bonyeza kitufe chochote uanze kutoka kwenye CD. Nikabonyeza.

Ikanikaribisha tena. Masharti. F8. Nikadhani faili hazikukaa sawa, nikafomati upya, safari hii ule ufomati wa polepole, ili diski ijue sina mchezo. Mstari wa njano. Ikajiwasha. Bonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza. Masharti.

Raundi ya tatu nikaitoa CD, nikaipangusa kwa shati, nikaiangalia kwenye mwanga kama daktari na picha ya eksirei. Nikamweleza mpwa kwamba CD za zamani huchoka. Raundi ya nne, kidole kikiwa tayari juu ya kibodi, akauliza taratibu:

"Mjomba, kwani ni lazima ubonyeze?"

"Si imesema bonyeza?"

"Imesema bonyeza ukitaka kuanza na CD. Wewe bado unataka kuanza?"

Tukakaa mikono mapajani kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Nukta zikajitokeza mbele ya yale maandishi, moja, nyingine, nyingine. Kidole kilikuwa kinaniwasha. Kisha nembo ya XP ikatokea, ikifuatiwa na ahadi kwamba zimebaki dakika 39. Sikumshukuru. Nilimtuma maji.

Mausi nayo ikagoma, kwa sababu nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la buluu, la USB 3.0, ambalo XP hailijui. Kibodi yangu ilikuwa ya ile pini ya duara, ikafanya kazi, basi nikawa naruka kwa Tab kama chura. Ikaja zamu ya ufunguo wa herufi na tarakimu 25, nao umeandikwa kwenye stika iliyofifia. Mpwa akisoma B, mimi naona 8. Akisoma 6, mimi naona G. Tuliukosea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Zile gigabaiti 8 nilizojisifia, XP ikahesabu 3.25 ikaishia hapo. XP hii ni ya biti 32, na biti 32 hazivuki gigabaiti 4, na hapo hapo vifaa vingine navyo vinataka nafasi. Mpwa aliona. Nikahamishia mausi kwenye tundu jeusi, tukaweka draiva ya skana, na saa nne usiku ikanguruma, safari hii bila kususa. Picha ya kwanza ikashuka kwenye skrini polepole: Mama, kijana, amesimama ameshika kiuno. Nikazima kila kitu, nikalala kama mshindi.

Asubuhi nikaamshwa na mlio wa CD inazunguka.

Mama alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani puani, boksi la picha miguuni. "Njoo uone, mwanangu, kumbe rahisi. Imenitaka nikubali masharti, nimeyakubali. Kila inachoniambia nafanya."

Skrini ya buluu. Mstari wa njano, asilimia 41.

"Mama," nikasema, "mwanzoni kabisa, ulibonyeza kitufe gani?"

"Chochote."