Kabla hujanunua parachuti ya BASE, hesabu kwanza umetua wapi

Usiku mmoja kijana ambaye hatujawahi kuonana alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, hela nimeshapata, ninunue parachuti gani ya BASE?" Nikamuuliza umeruka kutoka kwenye ndege mara ngapi, akasema 41. Nikamuuliza tena, kati ya hizo 41 ni ngapi ulitua pale pale ulipopanga kutua? Akakaa kimya kama dakika kumi hivi halafu akaandika "sijawahi kuhesabu." Simlaumu, maana hakuna anayekuuliza hivyo mwanzoni, kila mtu anataka kusikia ulijisikiaje pale ukingoni. Ila kwangu mimi hilo ndo swali lenyewe na ndo sababu nimekaa kuandika hii.

Kwa ambao hawaijui, BASE ni kuruka na parachuti kutoka kwenye kitu kilichosimama badala ya ndege, na hizo herufi nne, kwa Kiingereza, ni za majengo, minara ya antena, madaraja na majabali. Kwenye ndege una parachuti mbili mgongoni, ya kwanza ikigoma unaikata unafungua ya akiba, na watu wengi wanabeba pia kile kidude cha kompyuta kinachokufungulia ya akiba hata kama umezimia. Tena unafungua ukiwa juu sana, kwa hiyo una muda wa kutazama juu, kuona kamba zimejisokota, kuzisokotoa, kukosea na kurekebisha. Kwenye BASE una parachuti moja basi. Daraja la Perrine kule Twin Falls, Idaho, ambako watu wengi sana wa nchi nyingi huanzia, lipo meta 148 juu ya mto Snake, na ukidondoka pale bila kufungua kitu unafika majini kabla sekunde 6 hazijaisha. Sekunde ya kwanza unashuka kama meta 5, ikiisha ya pili umeshashuka karibu 20, ya tatu 40 na kitu, ya nne umepita 70. Hiyo parachuti ya akiba ungeifungua saa ngapi?

Sasa watu wakisikia hivyo wanaona kazi kubwa ni kupata ule moyo wa kuondoka ukingoni. Kuondoka ni hatua moja, mguu unasukuma, kifua wazi, macho yanatazama upeo wa mbele na sio chini, na mtu mwenye mazoezi ya ndege anaishika siku mbili tatu. Kazi iko kwenye yale yanayofuata, parachuti imefunguka, pengine imegeuka upande ambao hukuutaka, una sekunde chache za kuigeuza na uwanja wako wa kutua ni kipande cha nyasi kati ya mawe na maji. Ndio maana makocha wengi hawakupokei kwenye kozi ya kwanza kama hujaruka kutoka kwenye ndege mara 200 hivi. Vijana wanalalamika kwamba hiyo namba ni ya kuwabania tu. Mi naona ni ndogo, kama hizo 200 zote umezitumia kupiga picha na wenzio hewani halafu unatua popote upepo unapokupeleka.

Kwa hiyo kama uko kwenye 41 kama yule kijana, una kazi ya kufanya na haihitaji kununua chochote cha BASE. Chagua duara uwanjani, kila ukitua andika kwenye daftari umetua hatua ngapi kutoka katikati, na uandike hata siku mbaya. Ukiwa bado juu sana, vuta breki taratibu mpaka parachuti ikate, yaani iache kupaa ianze kurudi nyuma, kisha uiachie polepole, ufanye hivyo mpaka mikono yako ijue ni wapi hasa panapokatika bila wewe kutazama. Jifunze kuigeuza kwa kushika raiza za nyuma, ile mikanda miwili ya mabegani, kabla hujagusa vishikio vya breki, kwa sababu siku parachuti itakapofunguka inaelekea ukuta wa mawe, raiza ziko hapo hapo usawa wa masikio na zinajibu haraka. Jifunze kushuka wima-wima ukiwa na breki nyingi, upepo ukiwa mdogo, upepo ukiwa mkubwa. Halafu ukifika mahali unaweza kuazima parachuti ya BASE, iweke kama parachuti kuu kwenye begi lenye ya akiba, uruke nayo kutoka kwenye ndege, uijue tabia yake mahali ambapo kosa lina nafasi. Aisee hilo peke yake lingeokoa miguu mingi.

Ukishafika hapo ndo tuongee kununua, na tuanze na ukubwa maana hapo ndo watu wanaponisikitisha. Mtu ametoka kwenye skaidaivingi, yaani kuruka kutoka kwenye ndege, na parachuti ndogo yenye spidi, anaona kurudi kwenye parachuti kubwa ni kama kushushwa darasa. Parachuti ya BASE ina seli saba, yaani vyumba vya hewa, pana na fupi, imeshonwa ifunguke kwa uelekeo ulionyooka na itue polepole. Kipimo kinachotumika sana ni karibu ratili 0.7 kwa kila futi ya mraba, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana kilo 90 anaangukia kwenye futi za mraba 280 hivi, wakati kwenye ndege pengine alikuwa anatumia 170 na anatua vizuri tu. Lakini pale alikuwa na uwanja mpana na tambarare. Huku panga ukubwa kwa ile siku utakayotua pabaya, juu ya mawe, upepo nyuma, umechelewa kugeuka. Na ujipime ukiwa umevaa viatu, kofia na kinga zote, sio ukitoka kuoga.

Cha pili ni matundu ya chini. Parachuti nyingi za BASE za siku hizi zina matundu kwenye kitambaa cha chini, na mengine yana vali zinazozuia hewa isitoke, kwa hiyo inajaa haraka na inabaki imejaa hata ukiwa umevuta breki nyingi. Kama unaanzia sehemu fupi usinunue isiyo nayo, hilo sina mjadala nalo.

Halafu kuna pailoti, kile kiparachuti kidogo unachokitupa kwa mkono ili kivute kikubwa. Hapa ndo pana elimu tamu. Nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa spidi, yaani ukiwa na spidi mara mbili unapata nguvu mara nne. Ukitupa baada ya sekunde moja bado unakwenda polepole, hewa inasukuma kidogo, kwa hiyo unahitaji pailoti kubwa ya inchi 46 au 48 ili iweze kuvuta pini inayofunga begi na kunyoosha kamba. Ukingoja sekunde tatu unashuka karibu kilomita 100 kwa saa, inchi 42 au 38 inatosha. Ukiruka jabali refu kama Kjerag kule Norwei, lenye karibu meta 1000, ukafikia spidi ya mwisho, ile kubwa ya inchi 48 itainyakua parachuti kwa nguvu kiasi kwamba inaweza kuvuruga kitambaa au kukuumiza, unatumia ya inchi 32 hadi 36. Kwa hiyo mtu akikuuzia seti "kamili" yenye pailoti moja, hiyo sio seti kamili. Na pailoti inazeeka haraka kuliko vitu vingine vyote, inasuguliwa na mawe, inakanyagwa, inalowa, ikaguliwe kila mara.

Slaida ni hivyo hivyo. Kile kipande cha mraba kinachoteremka kwenye kamba kupunguza kishindo cha kufunguka, kwenye ndege ni rafiki yako, ila kwenye sehemu fupi kinakula meta ambazo huna, kwa hiyo kinatolewa kabisa au kinafungwa chini. Sehemu ndefu unakirudisha, tena chenye wavu. Kubadilisha kutoka huku kwenda kule kunabadilisha pia jinsi unavyopitisha kamba za breki na jinsi unavyokunja, na hapa ndipo mtu mwenye haraka anakosea. Usifanye ubadilishaji huu kwa mara ya kwanza peke yako gizani ukingoni.

Niseme na yangu. Parachuti yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, na aliyeniuzia alinihakikishia kamba ni mpya. Mara tatu mfululizo ilifunguka imegeukia kulia, na mara zote nikajilaumu mimi, nikadhani nashusha bega la kulia nikiondoka, nikarudia kuangalia video yangu mpaka macho yakauma. Ilikuwa darajani, na daraja linasamehe, ukigeuka unapita tu chini yake kwenye uwazi. Siku ya nne kocha wangu akaniambia leta hiyo kitu. Akatundika vile vishikio viwili vya breki kwenye misumari miwili iliyo usawa mmoja, akazinyoosha kamba zote mbili kwa pamoja mpaka kwenye alama ya kufungia, akanyamaza, akaniambia njoo uone. Ya kulia ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Vidole viwili tu, na kila mara ilikuwa inafunguka tayari imevuta breki ya kulia zaidi ya kushoto. Ile wiki tulikuwa tumepanga kwenda kwenye jabali, ambako ukigeuka kuna ukuta. Nilishika ile kamba nikatulia hapo muda mrefu.

Kwa hiyo sikatazi vya mtumba, nakataza kununua bila fundi kuvipima kwa mkono mbele yako. Kamba, mishono, breki kama zimefungwa kwa kina kinachofaa uzito wako, maana breki hizo zikifungwa kwa kina cha kutosha parachuti inafunguka haina haraka ya kwenda mbele, na wewe unapata ile sekunde moja ya ziada ya kugeuka. Zikizidi, inakata palepale. Ni kazi ya kupima na kurekebisha na inafanywa juu sana, kutoka kwenye ndege. Begi lenyewe halinisumbui, pini mbili au velkro, ukijua kulitunza yote yanafanya kazi, mi natumia pini. Kofia ngumu, kinga za mgongo, magoti na viwiko, viatu vinavyoshika kifundo. Kamera acha nyumbani mwaka wa kwanza.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, tafuta kozi na baada ya kozi tafuta mtu, maana kozi inaisha na maswali hayaishi. Mara ya kwanza darajani mwalimu wangu alishika pailoti yangu mkononi, mimi nikaruka, kamba zikanyooka huku bado kaishikilia halafu ikamtoka, na parachuti ikawa wazi kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Ila kabla ya hapo nilikunja parachuti ile ile sakafuni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, naye akaifungua yote na kusema tena. Kukunja kwa BASE kunaweza kula saa nzima na hakuna anayekukimbiza, unahesabu kamba, unapanga mikunjo, unabana kwa vibanio ukaenda kunywa maji ukarudi kutazama kama bado imenyooka. Napenda ule utulivu. Kusema kweli ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Na uende ukijua mahesabu. Utafiti uliofanywa Kjerag ulihesabu miruko 20,850 kuanzia 1995 hadi 2005 na vifo 9, sawa na kifo kimoja kwa kila miruko 2,317, na hapo ni jabali refu lenye nafasi. Carl Boenish, ambaye mwaka 1978 aliongoza na kurekodi ile miruko ya El Capitan, jabali la hifadhi ya Yosemite kule Marekani, iliyouzaa mchezo huu kama tunavyoujua, alifia kwenye ukuta wa Trollveggen, Norwei, mwaka 1984, na miaka miwili baadaye ukuta ule ukapigwa marufuku kurukiwa. Yosemite walitoa vibali mwaka 1980 na havikudumu hata miezi mitatu. Kila mtu anayeruka vibaya mahali fulani anawafungia na wengine, ndio maana kule Lauterbrunnen, Uswisi, warukaji wananunua kadi ya kutua ili wakulima walipwe kwa nyasi zinazokanyagwa, maana nyasi zile ni chakula cha ng'ombe. Nenda ulipe, uulize, na upepo ukikataa ushuke kwa miguu. Nimeshashuka kwa miguu na begi limefungwa zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na hakuna hata moja ninayoijutia.

Yule kijana nilimwandikia hayo yote kwa kifupi na nikadhani nimemkatisha tamaa, maana alikaa kimya miezi. Juzi kanitumia picha ya daftari, safu mbili za namba kwa kalamu ya bluu, mruko wa 118 hadi 137, na pembeni umbali wa kila kutua kwa hatua. Sita, nne, kumi na moja, tatu, tatu, mbili. Ile kumi na moja kaandika mbele yake "upepo uligeuka, nilichelewa kuona." Nikamwambia kapande kwenye mizani na viatu vyako, kofia yako na begi lote mgongoni, unitumie kilo zako.