Wa mwisho ana kizibao chake

Huku Uingereza kuna mtu mmoja ninayempenda kuliko treni zao na bima zao zote. Ni yule wa nyuma kabisa kwenye mbio za kilomita 5 za Jumamosi asubuhi, zile za bure ziitwazo parkrun, zilizoanzia Bushy Park, London, mwaka 2004 zikiwa na wakimbiaji 13. Mtu huyo anajitolea. Amevaa kizibao cha rifleta kama bodaboda wa Kariakoo, anatembea, anapiga soga, na kazi yake ni moja tu: kumaliza wa mwisho. Kwenye matokeo naye anaandikwa. Kwa hiyo wewe uliyetumia saa nzima, hata ungetaka kushika mkia, nafasi imeshachukuliwa.

Najua huko nyumbani Tanzania mshaanza. "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kutembea." Na mwingine: "Nchi ya Filbert Bayi na Juma Ikangaa ifundishwe mbio na watu wanaokimbia wamevaa glavu?" Tulieni. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alipomshinda Mjerumani kwa kifua kule Tokyo mwaka 2025 na kutwaa dhahabu ya dunia ya marathoni, mimi ndiye niliyewasumbua watu huku wiki nzima. Ila Simbu hahitaji kizibao. Namsemea mama wa watoto watatu anayetaka kumaliza kilomita 10 bila kuaibika. Na kama tunataja mashujaa, mbona mmemruka John Stephen Akhwari? Marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, goti limeteguka, limefungwa bandeji, aliingia uwanjani wa 57 kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Taifa zima linamjua kwa kumaliza wa mwisho. Halafu ni sisi haohao tunaokunja meza za maji wa mwisho hajapita.

Mbio za hisani za nyumbani mnazijua. Tangazo linasema saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili na nusu mwalimu wa zumba bado yuko jukwaani anawarusha watu, miguu inachoka kabla ya filimbi. Mgeni rasmi anaingia saa moja na robo, anasema itifaki imezingatiwa, kisha anaizingatia upya dakika ishirini, na jua la Dar halimsubiri mtu.

Sizibezi. Fedha za mbio zimelipia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu anunue fulana. Ugomvi wangu ni kuhusu saa ya pili ya mbio, wakati kamera zimeshahamia kwenye medali.

Maji yanaisha kwa sababu inayojulikana. Wa mbele wanapewa chupa ya nusu lita, wanapiga mafunda mawili, wanaitupa. Chupa hiyohiyo ingejaza vikombe vitatu. Watu 1,000, kikombe cha mililita 160 kila mmoja, ni lita 160 kwa meza moja: madumu manane ya lita 20. Yeyote aliyewahi kusimamia maji msibani anaiweza hesabu hiyo. Ongeza mawili kwa ajili ya joto, na mawili mengine yafichwe chini ya meza mpaka kizibao kipite. Barabara nayo, ombeni polisi waifunge kwa muda wa saa mbili kwa kilomita 10. Anayetembea kilomita 5 kwa saa anamaliza humo. Mkipewa saa moja na nusu, semeni kwenye fomu ya kujiandikisha. Msimwache mtu ajulishwe na honi ya daladala mgongoni akiwa kilomita ya 7. Aliyepigiwa honi hivyo mwakani hamumwoni, na mchango wake hamuuoni.

Maana anayerudi kwenye mbio, baada ya uzazi, baada ya kuvunjika, baada ya miaka kumi ya kiti cha ofisi, hakwamishwi na mapafu. Mapafu yanarudi upesi. Zinazochelewa ni kano, hasa ile ya kisigino, na ndiyo inayomwangusha nyota wa zamani wa UMISSETA, ile michezo ya sekondari, anayetoka siku ya kwanza kwa mwendo wake wa kidato cha nne. Huku huduma ya afya ya umma ina ratiba ya wiki 9, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, mara 8. Basi. Inaonekana kama utani, na ndiyo maana watu wazima wanaikwepa: wanaona aibu kutembea mbele ya majirani. Siku ya mbio fanya vilevile: kimbia dakika 4, tembea 1, tangu mwanzo kabisa. Ukingoja uchoke ndipo utembee, umechelewa. Na kama mazoezini unakwenda dakika 8 kwa kilomita, kisha kilomita ya kwanza ukaipiga kwa 6 kwa sababu ya muziki na shangwe, ya nne itakudai kama mkopo wa kausha damu.

Na hapa ndipo ninapochoka na sisi. Dawa hii tunayo siku zote. Mchakamchaka! Vikundi vya jogging vya Temeke na Mbagala, Jumapili alfajiri, kiongozi anaimba na kundi linaitikia. Unayeweza kuitikia mwendo wako ni sahihi. Unayehema tu umezidisha, punguza. Wenzetu huku kipimo hicho wanakisoma kwenye vijarida, eti kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, kisha wanaziba masikio na kukimbia kimya kama wanakwenda kulipa deni. Sisi tulikipata shule ya msingi, peku, vumbi tupu. Kiongozi anayejua kazi yake akiona kundi linakatika, anawakanyagisha palepale mpaka wa nyuma wafike. Tulipobandikwa namba kifuani, tukaiacha.

Viatu kidogo, maana najua mtauliza. Mtumba unafaa, lakini bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama sabuni ya mche, au ina mikunjo ubavuni, imekufa hata kama juu kunang'aa. Kiatu cha mbio huisha kati ya kilomita 500 na 800, na cha mtumba hujui kimeshakula ngapi. Mbele ya kidole kikubwa cha mguu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Fulana mpya ya pamba ikilowa jasho inachubua kwapa na chuchu. Ukikazana kuivaa, paka mafuta ya mgando. Namba ibandike kwa pini nne usiku uliotangulia.

Wala sisemi huku ni peponi. Nafasi ya hisani kwenye London Marathon mara nyingi inakutaka uchangishe pauni 2,000 au zaidi, na unawarudia walewale waliokuchangia harusi. Parkrun nayo wapo wanaoikimbilia muda tu, wasiokupa hata salamu.

Sasa yupo atakayesema kizibao ni gharama, na kwamba hatapatikana mtu wa kukivaa. Rifleta zinauzwa kila kona yenye bodaboda. Na mtu yupo tayari, mvisheni mgeni rasmi: kwa kufika wa mwisho hana mpinzani.