Fedha za Jeshi kwa Kampuni za Akili Mnemba: Kinachopatikana na Kinachotoka Mikononi

Tarehe 13 Machi 2004, magari yasiyo na dereva yaliachiwa katika jangwa la Mojave, California, kushindania dola milioni 1 zilizotolewa na DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Njia ilizidi kilomita 220. Gari lililofika mbali kuliko yote, Sandstorm la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilikwama kwenye tuta la kando ya njia baada ya kilomita 12 hivi, magurudumu yakizunguka palepale hadi yakafuka moshi. Hakuna aliyechukua zawadi. Mwaka uliofuata magari matano yalifika mwisho, Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford likanyakua dola milioni 2, na Sebastian Thrun, aliyeiongoza timu hiyo, baadaye akaongoza mradi wa magari yanayojiendesha ndani ya Google.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi panapojadiliwa kama kampuni changa za akili mnemba zichukue fedha za jeshi, na wanaokitaja hawakosei. Jeshi lilivumilia kushindwa hadharani, likaongeza zawadi, na utafiti ule ukazaa teknolojia ambayo leo inabeba abiria wa kawaida mijini. Hata hivyo, mshindi wa shindano lile aliondoka na hundi pamoja na teknolojia yake, asidaiwe kumtengenezea mtu chochote. Sehemu kubwa ya fedha zinazotolewa sasa ni za kununua, na mnunuzi ana matumizi yake. Ndiyo maana naona mjadala unapotea njia unapoishia kwenye swali la kama fedha hizo ni safi au chafu. Kwa kampuni, swali zito zaidi ni lini hasa inapoteza usemi juu ya kitu ilichokitengeneza.

Mvuto wenyewe ni wa kweli. Mwekezaji wa kawaida akiweka fedha huchukua hisa, na waanzilishi wa kampuni za roboti na vyombo vinavyojiendesha, ambazo utafiti wake huchukua miaka, hujikuta wamebaki na kipande kidogo kabla bidhaa haijafika sokoni. Ruzuku na mikataba ya utafiti ya kijeshi haichukui hisa. Nchini Marekani, mlango uliozoeleka kwa kampuni ndogo ni SBIR, mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982 kwa ajili ya kampuni za nchi hiyo zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Fedha hutoka kwa hatua: kiasi kidogo cha kuthibitisha wazo, kisha kiasi kikubwa zaidi cha kuunda chombo cha majaribio, na anayefaulu anaweza kupewa mkataba wa hatua ya tatu bila kushindanishwa upya. Haki za kampuni juu ya data za kiufundi na programu zilizotokana na kazi hiyo hulindwa kwa miaka 20.

Mlango mwingine ni DIU, kitengo cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani kilichofunguliwa mwaka 2015 huko Mountain View, California, wakati Ash Carter akiwa Waziri wa Ulinzi, ili kuwafikia wahandisi ambao hawakuwahi kuwa na sababu ya kufungua kanuni za manunuzi ya serikali. Kitengo hicho hutumia aina ya makubaliano yasiyofungwa na sehemu kubwa ya kanuni hizo: kampuni huwasilisha maelezo mafupi ya suluhisho lake, na chombo cha majaribio kikifanya kazi, jeshi linaweza kukinunua kwa wingi pasipo zabuni mpya. Barani Ulaya, Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya ulitengewa karibu euro bilioni 8 kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, na kwa kawaida hudai ushirika wa angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu. NATO nayo ina DIANA, mpango wake wa kusaidia kampuni changa za teknolojia, unaoanza na ruzuku ya euro 100,000, na kando yake kuna mfuko wa uwekezaji wa euro bilioni 1. Mfuko huo, tofauti na ruzuku, huchukua hisa, na mwombaji asichanganye mambo hayo mawili.

Upo pia utetezi usiohusu fedha, nami nauchukulia kwa uzito. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujilinda, na Ukraine, iliyoanzisha jukwaa lake la Brave1 mwezi Aprili 2023 ili kuziunganisha kampuni za teknolojia na mahitaji ya jeshi, imeonyesha kuwa timu ndogo ya wahandisi inaweza kuokoa maisha ya askari ambaye vinginevyo angetumwa kwa miguu kwenye uwanja uliotegwa mabomu. Mhandisi anayekataa kazi hiyo hafuti vita. Nchi ambayo wahandisi wake hodari wote wamejitenga na ulinzi wake itanunua mifumo hafifu, na mfumo hafifu wa kutambua shabaha huua watu ambao hakuna aliyekusudia wafe.

Tatizo la kwanza upande wa pili wa mizani ni kalenda, na hili huangusha kampuni nyingi kabla hazijafikia swali lolote la maadili. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Bunge likichelewa kupitisha bajeti, hupitisha azimio la muda linaloruhusu matumizi kuendelea kwa kiwango cha mwaka uliotangulia, na chini ya azimio hilo miradi mipya kwa kawaida haianzi. Chukua kampuni yenye wahandisi 20 ambayo chombo chake kimefaulu majaribio mbele ya kamanda, na kamanda amekipenda. Bado hana fungu la kukinunulia, kwa sababu bajeti ya vifaa hupangwa karibu miaka miwili kabla ya fedha kutoka. Mishahara haisubiri miaka miwili. Walio karibu na biashara hii huuita muda huo bonde la mauti. Mpango wa Replicator, uliotangazwa Agosti 2023 na Naibu Waziri wa Ulinzi Kathleen Hicks kwa lengo la kupata maelfu ya vyombo vinavyojiendesha ndani ya miezi 18 hadi 24, ulikuwa pia jaribio la kuliwekea bonde hilo daraja. SBIR yenyewe hutegemea Bunge kuihuisha, na idhini yake ilipokwisha tarehe 30 Septemba 2025 bila kuhuishwa kwa wakati, kampuni zilizokuwa zikisubiri zabuni mpya ziliachwa zikining'inia.

Kampuni inayovuka bonde hilo huvuka ikiwa imebadilika. Wahandisi wake bora wamehamishiwa kwenye mahitaji ya mteja mmoja, na bidhaa ya kiraia, ile iliyotajwa kwa fahari katika ombi la kwanza, imekaa mwaka mzima bila kuguswa. Sheria za udhibiti wa usafirishaji silaha nazo huingia hapo: nchini Marekani, kumwonyesha mhandisi wa kigeni michoro inayosimamiwa na kanuni za ITAR huhesabiwa kuwa ni usafirishaji, hata kama amekaa meza ya pili katika ofisi hiyohiyo. Hisa haziguswi, ila mwelekeo wa kampuni huguswa.

Kuhusu usemi, historia ya miaka ya karibuni inafundisha vya kutosha. Project Maven, mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilianzishwa Aprili 2017 ili akili mnemba isaidie kuchambua video zinazorekodiwa na droni. Wafanyakazi wa Google walipogundua kuwa kampuni yao imo, maelfu walitia saini barua ya kupinga, na mwaka 2018 kampuni ikaamua kutohuisha mkataba wake, ikatangaza pia kuwa haitatengeneza akili mnemba kwa ajili ya silaha. Maven iliendelea na wakandarasi wengine. Januari 2024 OpenAI iliondoa katika sera yake maneno yaliyokataza matumizi ya kijeshi, Februari 2025 Google ikaifuta ahadi yake ya 2018, na kati ya Juni na Julai 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa mikataba yenye ukomo wa dola milioni 200 kila mmoja kwa Anthropic, Google, OpenAI na xAI. Sera ambayo kampuni imejiandikia yenyewe, kampuni inaweza kuifuta yenyewe. Na Google iliweza kujitoa mwaka 2018 kwa kuwa mkataba ule ulikuwa tone katika mapato yake. Kampuni changa inayoishi kwa mteja mmoja haina njia hiyo.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi kwenye chombo chenyewe. Tazama droni ndogo ya bei nafuu inayoongozwa kwa redio. Inaposhuka karibu na ardhi, huku adui akirusha mawimbi ya kuvuruga mawasiliano, picha kwenye miwani ya rubani huanza kukatika, kisha hupotea katika mita mia chache za mwisho. Dawa yake ni programu inayokaa ndani ya droni: rubani huchagua kitu kwenye skrini kabla picha haijapotea, na kamera hukifuata hadi mwisho bila yeye. Programu ya jamii hiyohiyo humfuata mpanda baiskeli anayejirekodi mlimani. Hapa bado binadamu ndiye aliyechagua. Lakini ipe modeli orodha ya aina za vitu vya kushambulia na uiache itafute yenyewe, na binadamu ameondoka kwenye uchaguzi. Badiliko hilo linaweza kufika kama sasisho la programu, lisilohitaji kiwanda wala mkataba mpya.

Sheria za nje hazitoshi kuziba pengo hilo. Agizo la Marekani namba 3000.09, la mwaka 2012 na lililofanyiwa marekebisho Januari 2023, linadai kiwango stahiki cha uamuzi wa binadamu katika matumizi ya nguvu, lakini halidai binadamu aidhinishe kila shambulio. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu ya kisheria 1 Agosti 2024, inaacha nje mifumo ya kijeshi. Mwezi Desemba 2024 nchi 166 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono azimio kuhusu silaha zinazojiendesha, tatu tu zikapinga, na bado azimio si mkataba unaobana. Kilichobaki karibu na mhandisi ni karatasi anayotia saini.

Majeshi hujibu, na jibu lao lina nguvu, kwamba kampuni binafsi isiyochaguliwa na mtu yeyote haiwezi kupewa kura ya turufu juu ya maamuzi ya ulinzi ya serikali inayowajibika kwa wapiga kura. Nakubaliana nao kuhusu operesheni. Sikubaliani kwamba jibu hilo linamaliza hoja. Mtengenezaji wa parashuti huandika uzito wa juu unaobebwa na kitambaa chake, na hakuna kamanda anayeliona hilo kuwa ni kuingilia amri yake. Kampuni ya akili mnemba inaweza vilevile kuandika, kabla ya saini ya kwanza, ni vitu gani modeli imejaribiwa kuvitambua na katika mazingira gani, kwamba aina mpya ya shabaha haiongezwi bila majaribio mapya, na kwamba kumbukumbu za kila uamuzi wa mfumo zinahifadhiwa ili zikaguliwe. Wakati wa kudai hayo ni pale mteja bado analinganisha wazabuni na kampuni bado ina mteja mwingine wa kiraia anayelipa. Kampuni ikikataliwa hata sharti la kupima upya kabla ya sasisho, inajua tayari bidhaa yake inakusudiwa kufanya nini baada ya kukabidhiwa, na bado ina nafasi ya kutotia saini.