Ticha wa Tasmania

Leo asubuhi nimefika getini kwenye shule ninayofundisha Kiingereza saa moja kasoro, tai shingoni, nikakuta wamenitundika kwenye bango. Bango kubwa kama turubai la msiba, limefungwa kwa waya kwenye nguzo mbili. Mimi niko katikati, kushoto dada wa Kifilipino, kulia kijana mmoja wa Poland. Na mimi wamenipausha. Mimi, ambaye ukoo mzima nasifika kwa weusi wa sufuria la kuni, nina rangi ya chai ya maziwa, tena ya kwa watu wenye ng'ombe. Nikamezea. Simu za huku Thailand zinapausha hata mkaa. Jina langu wamelikosea herufi mbili. Nikamezea. Halafu chini ya jina wameandika: Tasmania, Australia.

Jamani, mtu anameza mangapi kabla ya chai?

Mimi ni mtoto wa Tarime, Tanzania. Nikamfuata mama mkuu wa idara, nikakutanisha viganja kifuani, nikainama kwa adabu zote za nchi hii, nikamwambia mama, pale kwenye bango kuna kosa dogo. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayelilia pipi na duka limefungwa.

"Ticha. Tanzania, Tasmania, same same."

"Mama, si same. Katikati yake kuna Bahari ya Hindi yote."

"Mai pen rai," akasema.

Mai pen rai ndiyo hakuna neno yao. Ukishaambiwa hivyo, kesi imefungwa na jalada limeliwa na mchwa. Akanieleza kwa upole kwamba leo ni siku ya wazazi, wazazi wamelipia mzawa wa Kiingereza, yaani mtu aliyezaliwa nacho, na bango lishalipiwa. Nikamwuliza sasa nifanye nini. Akasema nitabasamu.

Hapa lazima niseme jambo. Mimi Kiingereza hiki nimekilipia kwa makalio. Nimevishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili uwanjani, nimechapwa kwa sababu ya wakati uliopita timilifu, nimesoma baiolojia yote ya sekondari kwa Kiingereza, mpaka leo ini la chura nalijua kwa Kiingereza tu. Nimefika hapa naambiwa nilete cheti cha TOEIC, alama 600 kwenda juu, kuthibitisha kwamba nakijua. Nimekileta. Yule wa Poland, kijana mzuri tu, sina ugomvi naye, kwao wanazungumza Kipolandi kuanzia kitovu cha mama. Hakudaiwa kitu. Ana macho ya bluu, hicho ndicho cheti, na anapokea baht 10,000 zaidi yangu. Dada wa Kifilipino ana shahada ya ualimu, uzoefu wa miaka 11, ndiye anayetuandalia masomo sisi wote wawili, na mshahara wake ni mdogo kuliko wangu. Siku akikasirika huyu dada shule itafungwa kabla ya kengele ya saa nne.

Na usiniambie nihamie kwingine. Korea Kusini wana orodha kabisa ya nchi 7 zinazoruhusiwa kufundisha Kiingereza, na Afrika nzima imeingia ya Kusini peke yake.

Basi. Saa mbili kamili wimbo wa taifa, bendera ikapanda, saa tatu wazazi wakaanza kumiminika. Nikasimama chini ya picha yangu, natabasamu, wazazi wanaangalia juu, wanaangalia chini, wanaangalia tena juu. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akasema Australia jua ni kali.

Nikaanza kuona mambo yananinyookea. Ndipo akaingia mzee wa kizungu.

Huku Isaan, kaskazini mashariki mwa Thailand, wazungu wastaafu wapo wengi, wameoa huku, wanalima mapapai, wanaendesha pikipiki bila shati. Huyu alikuja na mkewe na mtoto wa mkewe, mtoto wangu wa darasa la nne, anaitwa Benz. (Ninaye Benz, ninaye Bank, ninaye Golf na ninaye Beer. Ukiita mahudhurio unajisikia kama tapeli anayehesabu mali zake.) Mzee ana kaptula, soksi zimefika magotini, anatembea taratibu. Akasoma bango. Akalisoma tena. Akavua miwani, akaja kwangu mikono imefunguka kama mtu aliyeona ndugu yake stendi ya Ubungo.

"Tasmania! Mimi ni wa Hobart!"

Nikahisi miguu inataka kuondoka bila mimi. Mama mkuu wa idara kasimama hatua tatu nyuma, anatabasamu na kutikisa kichwa, yaani endelea, Ticha.

"Sehemu gani?" mzee akauliza.

Sasa mimi kudanganya sikufundishwa, nilifundishwa kumung'unya. Nikasema kwa chini chini, "Tarime."

"Taroona!" mzee akapiga kofi. "Taroona, pale karibu kabisa na Hobart! Basi umesoma shule moja na Mary!"

Nikafikiri haraka. Tarime kila darasa lina Mary watatu. Tulikuwa na Mary wa kina Chacha, Mary mfupi, na Mary aliyekuwa anauza karanga. Kwa hiyo nikajibu kweli tupu: "Ndiyo, Mary nilisoma naye."

"Na sasa ni malkia!"

Nikashtuka. Mary wa karanga? Kumbe mzee anamzungumzia Malkia wa Denmark, ambaye ni mwenyeji wa Hobart, amesoma sekondari ya hapo Taroona, akaolewa na mwanamfalme wa huko Denmark, na mumewe alipotawazwa Januari 2024 naye akawa malkia. Haya yote nimekuja kuyasoma kwenye simu usiku huu. Pale pale nilichosema ni, "Alikuwa mtulivu sana darasani."

Nyuma yangu nikasikia mama mkuu wa idara anavuta pumzi. Neno malkia analijua. Akaondoka mbio na viatu vyake vya visigino, nikajua hiyo safari si ya heri.

Mzee hanipi nafasi. Julai baridi bado ni ile ile? Nikasema Julai tunavaa masweta, na ni kweli. Migodi bado ipo? Ipo, na watu bado wanalalamika. Akainama sikioni, akasema je, kwenu nako bado wanalima ile mimea ya kulevya inayotengenezewa dawa za maumivu, kwao serikali inatoa leseni. Nikamwambia kwetu watu wanalima, ila leseni ndiyo bado. Mzee akacheka mpaka soksi moja ikashuka.

Halafu uso ukabadilika, akauliza kwa huzuni: "Na mashetani? Kwenu mnawaona bado?"

Ndugu zangu. Nimelelewa kwenye nyumba ya maombi. Swali la mashetani mtu haulizwi na mzungu mwenye kaptula saa tatu na nusu asubuhi. Lakini nikasema kumbe wenzetu nao wana mambo yao, acha niwe mkweli.

"Wamepungua, mzee. Zamani bibi yangu alikuwa anawasikia usiku wakipiga kelele."

"Hao hao!" akasema. "Kelele ile ukiisikia hulali!"

"Na kuku walikuwa wanapotea."

"Wanapenda kuku sana!"

"Mwisho akaja mchungaji, wakakimbia wote."

Hapa ndipo cheti changu cha TOEIC kilipoaibika. Kwa ile haraka ya woga, mchungaji wa kanisani nikamtafsiri kama mchungaji wa kondoo. Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu: ndiyo, wafugaji wa kondoo na mashetani hawajawahi kupatana, zamani kampuni moja ya mashamba ililipa mpaka zawadi ukimwua mmoja. Nikaduwaa. Halafu akajishika shavu, akasema lakini kinachowamaliza sasa ni ile saratani ya usoni, wanaambukizana kwa kung'atana.

Mashetani wanaumwa saratani. Kanisani kwetu hilo halijawahi kutangazwa. Nikasema, "Mungu ni mkubwa." Mzee akaitikia, "Kabisa."

(Shetani wa Tasmania ni mnyama. Mnyama mweusi kama mbwa mdogo, ana mfuko wa kubebea watoto, anapatikana Tasmania. Nami nimekuja kujua usiku huu, nimekaa kitandani na simu, najipiga paji la uso.)

Ndipo kipaza sauti kikalia. Shule za huku zinapenda kipaza sauti kuliko chaki. Mama mkuu wa idara kampelekea mkurugenzi habari, mkurugenzi kapanda jukwaani, anatangaza kwa Kithai, na mimi katika maneno yote nimeshika matatu: Ticha, Tasmania, Denmark. Makofi. Wamama wamenigeukia na simu zao, wale wale walionong'ona. Nimepigwa picha na bibi mmoja, na kwenye hizo picha nitakuwa nimepauka tena. Mzee wa Hobart kanishika bega kwa fahari, kasema Jumamosi lazima nije kwake, atachoma kondoo, tutazame mpira wa kwao, ule mpira wa kushika kwa mikono, halafu akanikonyeza. Sasa sijui alikonyeza kwa sababu anajua, au ni jicho tu la uzee. Nimefikiria jambo hili tangu saa nne asubuhi.

Baada ya hapo nilitegemewa niingie darasani nifundishe R na L. Mkurya! Sisi herufi L tulikutana nayo darasa la kwanza na hatujazoeana mpaka leo. Watoto wa huku R wanaigeuza L, mimi nikiteleza L naigeuza R. Wakisema wamekula 'lice' nami nikarudia, tunakutana njiani, wali unapatikana, chawa wanatoroka. Tatizo ni L ya mwisho, wao wanaifanya N. Nimeandika 'football', darasa zima futbon. Nimesema tena, futbon. Beer amelala. Golf kamwaga wino wake mweupe wa kufutia juu ya dawati, hawa watoto wanafutia nao mpaka mkono. Bank hakufanya mtihani wa mwezi uliopita, nikampa sifuri, jana ofisi imeniletea karatasi nimsahihishie sifuri iwe hamsini, maana huku mtoto hafeli, anayefeli ni Ticha.

Kitu pekee tunachoelewana na nchi hii ni saa ya usiku. Saa moja usiku wao wanaiita nueng thum, moja ya usiku, saa mbili wanaiita mbili, kama sisi. Siku nilipogundua nilitaka kumkumbatia mlinzi. Na chakula, niseme ukweli, watu wa Isaan wanafinyanga tonge la wali wa kunata kwa mkono, wanachovya, hata sikulazimika kufundishwa. Ila ule mchuzi wa samaki waliooza mimi hapana, nimejaribu mara tatu, mara zote tatu nimemwita mama yangu.

Shangazi amepiga simu jioni hii. Anauliza nikiwa huko Ulaya nimtumie shilingi laki mbili za bati. Nimemwambia shangazi, hapa si Ulaya, ni Thailand. Akasema sawa, hiyo hiyo Ulaya ya Thailand. Nikataka kumweleza, nikakumbuka kwamba leo mimi mwenyewe ni mtu wa Australia, nikanyamaza.

Jumatatu ni siku ya Uhamiaji. Kila siku 90 lazima nikawaambie kwamba bado naishi palepale nilipokuwa naishi. Naenda na pasi ya Tanzania, na mama mkuu wa idara ameshaniambia nibebe na picha ya bango, eti itasaidia. Jumatatu pia shule nzima inavaa njano, na shati langu la njano liko moja, liko kwenye ndoo tangu juzi, mvua haijakatika, na mwenye nyumba amebeba pasi yake ya umeme kaenda nayo kwa mwanawe.