Safu za ayyala na goma letu la Lamu

Jamaa zangu mlioko Lamu na Mombasa, naishi Al Ain, Falme za Kiarabu, na kuna jambo linaniuma kila nikialikwa harusi huku.

Wenyeji wa hapa bado wanafanya harusi zao kwa ayyala, ngoma yao ya fimbo. Wanaume kama ishirini hupanga safu, wengine ishirini wakawaelekea, kila mmoja na fimbo nyembamba ya mwanzi iliyo badala ya mkuki au upanga. Katikati ziko ngoma kubwa na ndogo, matari na matoazi. Fimbo huinuka pamoja na kushuka pamoja, vichwa vikifuata mdundo, huku wakiimba mashairi. Mara ya mwisho nilimwona mvulana ambaye fimbo yake ilikuwa ikichelewa kidogo. Mzee aliyesimama ubavuni mwake hakumtoa wala hakumkemea. Alimsogelea tu, bega kwa bega, mpaka mtoto akaupata mwendo. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ayyala kuwa urithi wa Falme hizi na Oman, lakini kwangu mimi, mzee yule ndiye anayeiweka hai.

Sisi je? Goma letu nalo ni safu ya wanaume, kanzu na kofia, bakora mkononi. Kirumbizi tunacho, fimbo kwa fimbo, zumari likilia. Ila tumeviachia msimu wa Maulidi, wageni wapate kupiga picha, na harusi tumezikabidhi kwa madijei.

Nikisema hivi naambiwa wenzetu wana mafuta. Hilo silikubali. Fimbo haihitaji kisima cha mafuta, na mafundi wa zumari bado tunao, japo wanapungua.

Huku kazi ipo, mshahara unaingia kwa wakati, maji hayakatiki, na namshukuru Mungu. Lakini kwenye ayyala mimi ni mtazamaji, nasimama pembeni na wageni wenzangu. Pahali ninapoweza kuingia uwanjani na fimbo yangu ni Lamu peke yake, na ndiko tunakoziacha ngoma zife.

Mdogo wangu anaoa baada ya mfungo. Nimeshamwambia mama kuwa pesa niliyotuma ya spika apewe mpiga zumari na wenzake, na vijana wa mtaani waingizwe kwenye safu ya goma, hata wasiojua. Bakora zao nitalipa mimi.