Herufi za Risasi Zilizopimwa kwa Mizani

Wiki jana, katika uchochoro ulio nyuma ya barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, nilimkuta kijana akipima kwa mizani magunia ya herufi za risasi (vipande vya madini ya risasi vya kupangia maneno ya kuchapwa) kutoka kiwanda cha zamani cha uchapishaji, ziuzwe kama vyuma chakavu. Jengo lenyewe litavunjwa. Nilipokuwa mtoto, marehemu baba alinipeleka humo kuchukua kadi za harusi ya shangazi, na mzee mpangaji herufi akanionyesha jina langu likiwa limepangwa kinyumenyume. Uchungu wa kuyaona magunia yale mizanini haujanitoka.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za Park Row, mtaa wa magazeti wa New York. Magazeti yalijazana pale kwa kuwa ukumbi wa jiji ulikuwa ng'ambo tu ya barabara, na mwandishi aliweza kutoka kikaoni akafika kwa wapangaji herufi kwa miguu. Gazeti la Tribune lilikamilisha jengo lake lenye mnara wa saa mwaka 1875; mwaka 1890 Joseph Pulitzer akalipita kwa jengo la gazeti lake la World, refu kuliko yote jijini wakati huo, na ofisi yake akaiweka ndani ya kuba la juu. Jengo la Pulitzer lilibomolewa mwaka 1955 ili kupanua njia ya kuingilia daraja la Brooklyn, na la Tribune likabomolewa mwaka 1966. La New York Times, lililojengwa upya mwaka 1889 huku gazeti likiendelea kuchapwa mle mle, bado limesimama, kwa sababu baada ya gazeti kuhama lilipata kazi nyingine, na leo ni la Chuo Kikuu cha Pace.

Hilo ndilo ninalotaka Kisumu ilione. Bango la kumbukumbu haliokoi jengo tupu; linaokolewa na watu wanaoingia humo kila asubuhi.

Nasi tuna historia yetu ya magazeti: huku kwetu alitoka Achieng Oneko, mpigania uhuru aliyehariri gazeti la Kiluo la Ramogi kabla ya kukamatwa na wakoloni mwaka 1952.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba jengo hili la Kisumu ni la mwenyewe na maduka yatamlipa zaidi. Basi ajenge ghorofa juu, lakini ukumbi wa chini auache pamoja na mtambo mmoja, vijana wanaosomea uchapishaji wapate pa kujifunzia. Magunia mawili nimeyanunua. Yako kwangu, yakisubiri ukumbi huo.